Baba Aliyepiga Magoti Katikati ya Maandamano: Maisha ya Mchoraji Gentile Bellini

Kila msimu wa sikukuu simu ya studio yetu hujaa picha. Wasikilizaji hututumia maandamano ya Jumapili ya Matawi, zafa za Maulidi, misafara ya harusi, na Mwenge ukipita kijijini kwao. Baada ya picha hufuata maswali, na mara nyingine lawama. Mbona wapishi hawaonekani? Mbona diwani yuko mbele na mzee wa mtaa kasukumwa nyuma? Mbona yule aliyeangua kilio siku ile hayupo kabisa? Maswali hayo yametufundisha kwamba picha ya maandamano haisomwi kwa haraka. Kuna aliyepanga watu, kuna aliyelipia picha, na kuna wengine ambao usipowatafuta huwaoni.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyechora maandamano zaidi ya miaka 500 iliyopita, kabla kamera hazijakuwepo duniani. Jina lake ni Gentile Bellini, hutamkwa Jentile Belini. Aliishi Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji. Picha yake maarufu inaonyesha mamia ya watu wakipita kwa heshima katika uwanja mkuu wa mji huo. Ndani ya umati huo amemweka baba mmoja ambaye mtoto wake anakaribia kufa. Wengi huitazama picha ile wakaondoka bila kumwona. Tutamtafuta pamoja, lakini kwanza tumjue mchoraji.

Mtoto wa karakana

Gentile alizaliwa karibu mwaka 1429. Baba yake, Jacopo Bellini, alikuwa mchoraji mwenye karakana yake mwenyewe, na mtoto huyu alipewa jina la mwalimu wa baba, mchoraji Gentile da Fabriano. Siku hizo uchoraji ulirithiwa kama ufundi mwingine wowote, sawa na uhunzi au ujenzi wa majahazi. Kijana alianza kwa kusaga rangi na kusafisha brashi, akaendelea kwa kunakili michoro ya mkubwa wake, na mwisho akaruhusiwa kuchora sura za watu.

Mdogo wake Giovanni alikulia katika kazi hiyo hiyo. Dada yao Nicolosia aliolewa mwaka 1453 na mchoraji mwingine mkubwa, Andrea Mantegna. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wachoraji kila upande: baba, wana wawili na mkwe.

Jacopo aliacha mali moja iliyothaminiwa kuliko fedha, nayo ni vitabu vikubwa viwili alivyovijaza michoro. Humo mlikuwa na majumba, wanyama, watakatifu, milima na viwanja vya miji. Kwa fundi wa zama zile, kitabu cha namna hiyo kilikuwa hazina ya familia. Baba alipofariki, karibu mwaka 1470, vitabu hivyo vikawa vya Gentile. Kimoja kati yake kitarudi kwenye simulizi yetu siku ya wosia.

Mchoraji wa serikali

Venice ya wakati huo haikuwa na mfalme. Ilikuwa jamhuri iliyoongozwa na familia za kitajiri, na kiongozi wake aliitwa Doge. Doge alichaguliwa na akishachaguliwa alikaa madarakani mpaka kufa, lakini mabaraza yalimbana sana. Utajiri wa mji ulitoka baharini. Meli zake zilileta pilipili, hariri, pamba na dawa kutoka bandari za mashariki, zikiwemo za Misri na Syria.

Katika mji wa namna hiyo, sherehe za hadharani zilikuwa sehemu ya utawala. Katika maandamano ya serikali Doge alitembea na alama zake: bendera, tarumbeta ndefu za fedha, upanga, na mwavuli wa heshima. Mahali pa kila kundi palijulikana. Balozi aliyetaka kujua nani ana nguvu Venice angeweza kusimama pembeni akatazama nani anatembea karibu na nani.

Gentile alipanda haraka. Mwaka 1469 Kaizari Frederick III alimpa cheo cha heshima cha ukabaila. Mwaka 1474 serikali ya Venice ikamkabidhi kazi nzito, yaani kufufua na kuchora upya picha za Ukumbi wa Baraza Kuu ndani ya jumba la Doge. Picha za zamani zilikuwa zimeharibika, na ukumbi huo ndimo viongozi wote walimokutana. Kwa mchoraji wa Venice hapakuwa na ukuta wenye heshima zaidi ya ule. Kila aliyeingia pale aliamini kwamba jina la Gentile Bellini litaishi kwa ajili ya ukumbi huo.

Safari ya kwa Sultani

Kwa miaka 16, kuanzia 1463, Venice ilipigana na dola ya Waturuki wa Osmani. Mtawala wa Waturuki alikuwa Sultani Mehmed II, ambaye mwaka 1453, akiwa na umri wa miaka 21, aliuteka mji wa Konstantinopoli, tunaouita leo Istanbul. Januari 1479 pande mbili zikafanya amani. Venice ilikuwa imechoka na imepoteza mengi.

Muda si mrefu Sultani akatuma ombi ambalo halikutarajiwa. Aliomba Venice impelekee mchoraji mzuri. Serikali ikamchagua Gentile, ambaye umri wake ulikuwa umekaribia miaka 50. Septemba 1479 akapanda meli kwa gharama za serikali, na kazi ya ukumbi ikaachwa mikononi mwa mdogo wake Giovanni.

Hebu tulifikirie jambo hilo. Mkristo kutoka nchi iliyokuwa adui hadi miezi michache iliyopita, anaketi katika jumba la mtawala Mwislamu aliyeitetemesha Ulaya, anamtazama usoni na kumchora. Gentile alikaa Istanbul zaidi ya mwaka mmoja. Picha ya Sultani inayohusishwa naye ina tarehe ya 25 Novemba 1480, na leo ni mali ya National Gallery ya London. Rangi zake zimeharibika na kutengenezwa mara nyingi, lakini bado unauona uso mwembamba, pua iliyopinda, ndevu na kilemba kikubwa cheupe. Sultani alimpa mgeni wake cheo na mkufu wa dhahabu. Gentile akarudi nyumbani, na Mei 1481 Mehmed akafariki.

Safari ile ilimpa kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa nacho. Aliuona kwa macho yake mji wa Waislamu, mavazi yao, misikiti yao na adabu zao za barazani. Tangu hapo, alipochora mtu mwenye kilemba alikuwa anachora watu aliokaa nao, wala hakutegemea kusimuliwa.

Kazi kutoka kwa chama cha walei

Sasa tufike kwenye maandamano. Venice ilikuwa na vyama vya walei vya kidini. Wasikilizaji Wakatoliki wanaweza kuvifananisha na vyama vya kitume parokiani, ila vile vya Venice vilikuwa na fedha nyingi zaidi. Wanachama walichanga, walizikana, walisaidia wajane na wagonjwa, na siku za sikukuu waliandamana wakiwa wamevaa kanzu zinazofanana. Watu wa familia zisizokuwa na nafasi ya kuingia Baraza Kuu waliweza kushika uongozi humo. Kwa wafanyabiashara na mafundi wa kawaida, hapo ndipo palipokuwa mahali pao pa heshima.

Chama kimojawapo kikubwa kilikuwa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili. Mwaka 1369 kilizawadiwa kipande kidogo cha mti kilichoaminiwa kuwa ni cha Msalaba wa Yesu. Kipande hicho kikawa fahari ya chama, na simulizi za miujiza yake zikaenea mjini. Kuelekea mwisho wa karne ya 15 chama kiliamua kupamba chumba chake kwa picha za miujiza hiyo. Wachoraji kadhaa waliajiriwa, na Gentile alichora 3. Picha 8 za mfululizo huo bado zipo, na zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Accademia, huko huko Venice.

Ya kwanza kati ya zile za Gentile aliimaliza mwaka 1496. Ina upana wa karibu mita 7 na nusu, na kimo chake kinapita mita 3 na nusu. Ukiilaza chini, inakaribia kuenea sakafu ya chumba kizima cha darasa dogo. Chini yake mchoraji aliandika jina lake na cheo chake, na akaeleza kwamba aliifanya kazi hiyo kwa kuupenda Msalaba.

Ikuze kwa vidole

Ukipata nafasi, itafute picha hiyo kwenye simu yako kwa kuandika jina la mchoraji, neno San Marco na mwaka 1496. Kisha ikuze kwa vidole viwili, uisogeze taratibu.

Kwanza tazama nyuma kabisa. Jengo pana lenye milango mitano mikubwa na makuba juu ni kanisa la Mtakatifu Marko. Juu ya mlango wa kati kuna farasi wanne wa shaba. Farasi hao ni ngawira, maana Wavenice waliwachukua Konstantinopoli walipoupora mji huo mwaka 1204 pamoja na wapiganaji wenzao wa Vita vya Msalaba. Mbele ya kanisa kuna uwanja mpana uliotandazwa matofali mekundu yenye mistari myeupe. Hapo ndipo mambo yote ya mji yalipofanyikia.

Sasa angalia mbele, karibu nawe. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe wanatembea kwa mistari wakiwa na mishumaa mirefu. Hao ndio wanachama wa chama kilicholipia picha. Katikati yao wengine wamebeba kitambaa kilichoinuliwa kwa miti kama paa la hema, na chini yake kipo chombo cha dhahabu chenye kile kipande cha Msalaba. Upande wa kushoto kuna waimbaji na wapiga ala za nyuzi. Sisi watu wa redio macho yetu huwa yanakwama hapo, tukitamani kusikia walichokuwa wakipiga.

Upande wa kulia, mbali kidogo, mstari wa maandamano unajipinda kutoka kwenye jumba la Doge. Huko ndiko aliko Doge mwenyewe pamoja na wakubwa wa serikali. Tazama ukubwa wao. Mtu mwenye madaraka kuliko wote mjini anaonekana mdogo kwa sababu yuko mbali, na wafanyabiashara wenye kanzu nyeupe ni wakubwa kwa sababu wako karibu. Mchoraji hakuvunja itifaki, kwani Doge yuko mahali pake panapostahili. Lakini alichagua pa kusimama alipochora, na kwa chaguo hilo wachangaji wa chama wakawa mbele ya serikali nzima.

Katikati ya uwanja watu wamesimama wanazungumza. Wapo wenyeji, wapo wageni wenye kofia za Kigiriki na wengine wenye vilemba. Wanawake ni wachache mno uwanjani, na wengine wanatazama kutoka madirishani upande wa kushoto. Hilo nalo linatueleza jambo kuhusu mji ule: nani aliruhusiwa kutembea katika sherehe, na nani alitakiwa kuitazama akiwa juu.

Yuko wapi baba?

Rudi kwenye kile kitambaa kilichoinuliwa katikati. Sogea kulia kidogo. Nyuma ya mstari wa kanzu nyeupe, mwanamume mmoja aliyevaa nguo nyekundu amepiga magoti. Ndiye peke yake aliyeshuka chini wakati wenzake wote wamesimama au wanatembea. Huyo ni Jacopo de' Salis, mfanyabiashara kutoka mji wa Brescia.

Tukio lenyewe lilikuwa la tarehe 25 Aprili 1444, sikukuu ya Mtakatifu Marko. Jacopo alikuwa Venice kwa shughuli zake pale habari mbaya zilipomfikia: mtoto wake wa kiume, aliyekuwa nyumbani Brescia, alikuwa amepasuka fuvu la kichwa, na matumaini ya kupona hayakuwepo. Brescia iko mbali upande wa magharibi, safari ya siku kadhaa kwa nyakati zile. Baba hakuweza kufika haraka. Maandamano yalipopita na kile kipande cha Msalaba, alipiga magoti palepale uwanjani akamwombea mwanawe. Simulizi ya chama inasema kwamba alipofika nyumbani alimkuta mtoto amepona.

Muujiza wenyewe haumo kwenye picha, wala mtoto hayumo. Kilichochorwa ni dakika ambayo baba bado hajui lolote. Leo angepiga simu, au angepigiwa. Jacopo angeinuka, angesafiri, na siku zote hizo za njiani asingejua kama anakwenda kumkumbatia mwanawe au kumzika. Ni wengi kati ya wasikilizaji wetu wanaoukumbuka wakati ambapo habari ya mgonjwa ilikuja kwa barua au kwa mtu aliyeshuka kwenye basi. Hao hawahitaji kuelezwa kilichokuwa moyoni mwa mtu yule.

Kwa nini basi Gentile alimficha? Wapo wanaoona kwamba mchoraji alivutiwa na majengo na mavazi hadi akamsahau mhusika mkuu. Sisi tunaliona kwa namna nyingine. Alimweka mahali ambapo mtu wa namna ile huwa katika sherehe yoyote. Bendi inapiga, viongozi wanapita, mishumaa inawaka, na mwenye msiba wake yumo humo humo, hakuna anayemtazama. Ukiitazama picha vizuri utaona kwamba maandamano hayakusimama kwa ajili yake. Hata wale walio karibu naye wanaendelea na safari. Lakini mchoraji alimvika nyekundu penye weupe mwingi, akampigisha magoti penye watu wima. Alimficha kwa kiasi ambacho mwenye kutafuta angempata.

Kumbuka pia nani waliitazama picha hii mwanzoni. Wanachama wa chama walikuwa wanaijua simulizi. Waliingia chumbani mwao, wakamtafuta baba kati ya watu, na walipomwona wakakumbuka kwa nini wanachanga na kwa nini wanaandamana.

Picha ile si kamera

Kuna jambo la kuzingatia. Tukio ni la 1444, picha ni ya 1496. Miaka 52 imepita katikati. Siku ya tukio Gentile alikuwa kijana wa miaka kama 15. Uwanja aliouchora ni ule aliouona akiwa mzee.

Tena alipanga mambo apendavyo. Jengo la kulia lilikuwa limeshikana na mnara mkubwa wa kengele, na lingeziba sehemu ya jumba la Doge. Gentile akalisogeza upande ili mnara ujitenge na lango la Doge lionekane. Mtu wa zama zile aliyesimama pale asingeuona uwanja wote kwa mtazamo ule.

Pamoja na hayo, wanahistoria wanaitegemea sana picha hii. Juu ya milango ya kanisa mchoraji alionyesha picha za vijiwe vya rangi kama zilivyokuwa. Nyingi zilibadilishwa baadaye, na leo ya zamani iliyobaki juu ya milango hiyo ni moja tu, ya mlango wa mwisho kushoto. Matofali mekundu ya uwanja yaliondolewa katika karne ya 18 na mawe ya kijivu yakawekwa. Mnara wa saa uliopo leo haumo pichani, kwa sababu ujenzi wake ndiyo kwanza ulikuwa unaanza mwaka huo huo wa 1496. Mnara wa kengele wenyewe ulianguka mwaka 1902, ukajengwa tena kwa sura ile ile na kuzinduliwa 1912.

Kwa hiyo picha moja inaweza kuwa shahidi mzuri wa jambo moja na kupanga mambo upya katika jingine. Hilo linafaa kukumbukwa hata kwa picha zinazoingia kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Kabla ya kuisambaza, uliza: ilipigwa lini, aliyeipiga alisimama wapi, na ni nani aliyeitaka ipigwe?

Mtu mweusi kando ya maji

Picha ya pili ya Gentile kwa chama kile ni ya mwaka 1500. Inaonyesha siku ambayo kile kipande cha Msalaba kilidondoka kwenye mfereji wakati wa maandamano, karibu na daraja la San Lorenzo. Watu kadhaa wamejitosa majini kukitafuta, na kiongozi wa chama ndiye anayekiinua.

Ukitazama upande wa kulia utamwona mwanamume mweusi, karibu mtupu, amesimama ukingoni tayari kuruka majini. Hakutajwa jina. Venice ya siku hizo ilikuwa na Waafrika, wengi wao wakiwa watumwa wa majumbani au watu walioachiwa huru, na baadhi yao walipiga makasia ya mitumbwi ya mji. Gentile hakumfanya mzaha wala pambo. Amemchora kama mtu anayepima maji kwa macho kabla ya kuruka. Tunamtaja kwa makusudi, kwa sababu historia ya Ulaya ya wakati ule husimuliwa mara nyingi kana kwamba watu wetu hawakuwepo. Walikuwepo, na wakati mwingine brashi ya mchoraji ndiyo iliyowahifadhi pale ambapo daftari halikuandika.

Twiga na wosia

Mwaka 1504, akiwa na miaka kama 75, Gentile alianza kazi kubwa nyingine kwa ajili ya chama chake mwenyewe cha Mtakatifu Marko. Inaonyesha Mtakatifu Marko akihubiri Alexandria, Misri. Kwa Wavenice jambo hilo liligusa nyumbani, maana mji wao ulijivunia kwamba mwili wa mtakatifu huyo ulichukuliwa Alexandria na wafanyabiashara wao mwaka 828.

Gentile hakuwahi kufika Alexandria. Alichanganya aliyoyaona Istanbul na kanisa la nyumbani kwake, akajaza uwanja watu wa vilemba na wanawake waliojifunika vitambaa vyeupe. Nyuma akaweka ngamia na, wasikilizaji wetu watafurahi, twiga. Mnyama huyu tunayemwona mbugani alikuwa ajabu kubwa Italia. Mwaka 1487 sultani wa Misri alimtumia Lorenzo de' Medici wa Florence twiga hai, na habari zake zilisimuliwa kwa miaka mingi.

Mapema mwaka 1507 Gentile aliugua, na picha ilikuwa haijakamilika. Februari akaandika wosia. Kile kitabu cha michoro cha baba, ambacho Giovanni alikuwa akikitamani, alimwachia mdogo wake kwa sharti moja: aimalize picha ya Mtakatifu Marko. Siku chache baadaye akafariki, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Yohane na Mtakatifu Paulo, mjini kwake. Giovanni, ambaye naye alikuwa mzee, akaimaliza kazi ya kaka yake. Leo ipo Milano, katika makumbusho ya Brera.

Kilichobaki

Tulisema kwamba watu waliamini jina lake litaishi kwa ajili ya Ukumbi wa Baraza Kuu. Tarehe 20 Desemba 1577, miaka 70 baada ya kifo chake, jumba la Doge liliwaka moto. Picha za ukumbi zikateketea zote, za Gentile, za Giovanni na za wengine. Kazi ya miaka mingi, iliyolipwa na serikali na kusifiwa na mabalozi, ikawa majivu kwa usiku mmoja.

Zilizosalimika ni zile za chama, zilizolipiwa kwa michango ya wauza nguo, mafundi na wachuuzi. Serikali ya Venice yenyewe ilianguka mwaka 1797 mbele ya jeshi la Napoleon, na vyama vile vikafungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo ndipo picha zilipohamishiwa Accademia. Doge hayupo tena, wala kanzu nyeupe hazipiti. Yule mfanyabiashara wa Brescia bado amepiga magoti pale pale, akisubiri kwenda nyumbani kumwona mwanawe.

Msimu ujao wa sikukuu mtutumie picha kama kawaida. Ila mkishapiga wale walio mbele, zungukeni kidogo. Mpige na aliyekaa pembeni, na mtuandikie jina lake kama ameridhia.